Siku 83: barua ya wazi kwa mawaziri wa Tanzania na Burundi kuhusu watoto wanaovuka mpaka peke yao

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mambo ya ndani na wenye dhamana ya ustawi wa watoto, Tanzania na Burundi.
Nakala: Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Kwa umri wangu baadhi yenu mngepaswa kuniamkia mimi, lakini leo mimi ndiye nimekuja mlangoni kwenu, na mwenye kupiga hodi ndiye husalimu kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma. Mezani kwangu kuna daftari la shule la kurasa 48. Jalada lake limelowa na kukauka mara nyingi mpaka limekuwa gumu kama kopa la muhogo. Kurasa za mwanzo zina hesabu za sehemu za darasa la tano, Kirundi na Kifaransa vikiwa vimechanganyika, mwandiko umenyooka vizuri. Ukilifungua kwa nyuma unakuta vijiti vya peni: vinne vimesimama, cha tano kimevikata. Mafungu 16 na vijiti 3. Siku 83. Chini yake pameandikwa 83 × 1,500 = 124,500. Kisha zimetolewa 4,000 za dawa ya malaria na 3,000 za kandambili. Jibu limepigiwa mistari miwili: 117,500.

Nimeihakiki. Iko sawa.

Aliyeandika ni mtoto wa kiume wa miaka 13. Jina lake silitaji. Alivuka mpaka kutoka Burundi peke yake mvua za kwanza zilipoanza, Oktoba, akafanya kibarua shambani upande wetu, kuandaa shamba, kupanda mahindi, palizi ya kwanza, palizi ya pili. Nilimkuta stendi asubuhi moja ya Januari, amelala chini ya meza ya fundi cherehani, kichwa juu ya kiroba. Ndani ya kiroba mlikuwa na daftari hili, shati moja, na jembe lisilo na mpini. Mtu wa huku haulizi mpini uko wapi. Anayetembea na jembe zima njiani anajulikana aendako, kwa hiyo wanabeba jembe tupu, mpini wanachonga wakishafika.

Mimi ni Muha. Kiha changu na Kirundi chake havihitaji mkalimani. Nilimuuliza umefuata nini huku, akanijibu: “Naje kurondera akazi.” Nimekuja kutafuta kazi. Alilisema kama mtu mzima anavyolisema, bila aibu na bila kulalamika.

Nikamchukua nyumbani. Tukampikia ugali na dagaa, daftari na shati tukaviweka juu ya kichanja cha jikoni vikauke. Halafu nikafanya jambo ambalo bado linanisumbua: nilipiga simu. Nilimpigia kiongozi mmoja wa kijiji, nikamwomba amtafute afisa ustawi wa jamii aje amwone mtoto. Nilidhani ndivyo sheria inavyotaka, na kwa kweli ndivyo inavyotaka. Kabla ya saa kumi gari lilikuja, na waliokuwamo hawakuwa ustawi wa jamii. Nikaomba kufuatana naye hadi kituoni, wakanikubalia kwa sababu ya mvi zangu.

Kituoni aliulizwa mkoa wake. Hakujua. Nani atamlaumu? Burundi ilikuwa na mikoa 18, mwaka 2025 ikapunguzwa ikawa mitano, komini, yaani ngazi iliyo chini ya mkoa, nazo zikapunguzwa kutoka 119 hadi 42, na watu wazima bado wanajikwaa. Akaulizwa komini, akataja ya zamani. Akaulizwa kilima, ambacho kwa Warundi ni kama kijiji kwetu, akajibu kabla swali halijaisha.

Ndipo likaja swali lenyewe, ambalo ndilo lililonifanya niwaandikie. “Nani amekuleta?”

Akasema hakuna. Akaulizwa tena, kwa sauti iliyopanda kidogo. Hakuna. Mara ya tatu akageuka, akaninyooshea kidole mimi. Na alikuwa sahihi. Katika chumba kile, mtu pekee aliyemleta nilikuwa mimi.

Waheshimiwa, natambua swali hilo limetoka wapi. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na hao wasafirishaji wapo kweli. Watoto wetu wenyewe wenye ulemavu wamepelekwa Nairobi kuombaomba barabarani, jioni anakuja mtu mwingine kuhesabu sarafu. Hapo “nani amekuleta” ndilo swali la kwanza na la pili na la tatu, na anayetajwa akamatwe. Ila wengi wa watoto ninaowaona mimi hawakuletwa. Wamekuja kwa miguu yao, kwa njia za panya walizoelekezwa na wenzao waliotangulia msimu uliopita. Afisa akishakosa jina la mleta, faili linakuwa halina mwenyewe. Mtoto anabaki na jina moja tu la kisheria, mhamiaji haramu, na dawa ya hilo ni kizuizini, upande wa pili, nenda.

Laiti angeulizwa ameacha nini nyumbani. Mimi nilimuuliza wakati anakula, akanisimulia mpaka moto ukazimika.

Baba alifariki. Kishamba chao, kwa hatua za miguu yake mwenyewe, ni 40 kwa 25, na baba zake wadogo wako watatu. Mama ameolewa kwenye kilima kingine, na mtoto wa mume wa kwanza hafuatani na mama kwenda kumegewa udongo wa watoto wa mume wa pili. Dada yake hesabuni hayumo kabisa. Burundi mpaka leo haina sheria ya mirathi kuhusu ardhi ya familia, mila ndiyo inayogawa, na mila inamwacha binti. Yeye kama mvulana angeweza kudai mbele ya wazee, abashingantahe, lakini mtoto wa miaka 13 asiye na kitu mkononi, nani atamsikiliza? Kwa hiyo akapiga hesabu. Alitaka mbuzi watatu. Mbuzi watatu wanatoa samadi, samadi inairudishia rutuba ile robo yake ya shamba, fungu la marehemu baba yake, akilima robo ile ikaota, baba wadogo hawataweza tena kusema ardhi imekaa bure. Alipanga kurudi Februari, msimu wa pili wa kupanda haujampita.

Mnaona? Hakukimbia nyumbani. Alikuja kutafuta namna ya kubaki nyumbani. Nimefundisha watoto miaka mingi na ni wachache walioweza kupanga jambo hatua tano mbele namna ile.

Shule, mtauliza. Karo ya msingi Burundi ilifutwa mwaka 2005, jambo jema, nami nililipigia makofi nikiwa huku ng'ambo. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala njaa ya saa nne asubuhi.

Sasa nirudi kwenye zile 117,500, maana kiini cha barua hii kimo humo.

Huku kwetu mwajiri wa shambani anaitwa tajiri, hata kama tajiri mwenyewe ana ekari tatu na baiskeli. Makubaliano ni ya mdomo: chakula utakula, hesabu mwisho wa msimu. Mpaka palizi ya pili imalizike, tajiri ni baba. Siku ya hesabu ikikaribia, gari linakuja. Hakuna anayesema nani alipiga simu. Vibarua wanatimka porini, wanaokamatwa wanarudishwa kwao mikono mitupu, wanaoponea chupuchupu wanalala stendi chini ya meza za mafundi. Shamba limepaliliwa. Deni limefutika bila hata kutajwa.

Sisemi ni matajiri wote. Jirani yangu mmoja analipa kila Jumamosi, na sijawahi kumsikia akilia kukosa vibarua. Wala afisa aliyekuja na gari simwoni kuwa mtu mbaya, alimpa yule mtoto nusu ya mkate wake njiani, nilimwona. Lakini tazameni tulichokitengeneza. Sheria ya kazi ya Tanzania inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe. Aliyeivunja ni tajiri. Aliyepandishwa gari ni mtoto. Na dola, kwa mafuta yake na kwa askari wake, imemsaidia tajiri kumaliza deni.

Halafu tunashangaa kwamba wanarudi. Mtoto aliyevuka kutafuta mbuzi watatu, akarudishwa bila hata kandambili mpya, kwao hana la kuonyesha. Anasubiri mvua, anavuka tena. Safari ya pili ana deni la safari ya kwanza. Mimi nimemwona mmoja akipita stendi misimu mitatu mfululizo, kila mara sauti imekuwa nzito zaidi na kiroba kimekuwa chepesi zaidi.

Wapo wengine ambao habari yao ni tofauti kabisa, na hao nawaombeni muwatazame kwa karibu kwa sababu ni sisi tuliowatengeneza.

Mwaka jana alitokea mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, ametembea nyuma ya kundi la vibarua, wao wakidhani ni wa nyumba za jirani. Alikuwa akiulizia Mtendeli. Kwa msiojua, Mtendeli ilikuwa kambi ya wakimbizi wilayani Kakonko. Ilifunguliwa tena Januari 2016, baada ya machafuko yaliyoanza Burundi Aprili 2015, ikafungwa 2021. Mtoto yule alizaliwa humo. Mpango wa kuwarejesha Warundi kwa hiari ulianza Septemba 2017, na zamu ya mama yake ilipofika walipanda basi kwenda kwenye kilima ambacho mtoto hajawahi kukiona. Bibi yake alihamishiwa kambi ya Nduta, huku Kibondo. Kilimani watoto wenzake walimwita Mtanzania. Alipochoka aliondoka kurudi nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa kambini, palipobaki magugu na misingi ya vyoo.

Kwenye makaratasi yenu mtoto huyo alikwisha kurejeshwa kwao, safari ikakamilika. Akivuka kuja huku anahesabiwa mhamiaji. Nawauliza kama mwalimu wa hesabu: katika safari zile mbili, ipi ilikuwa ya kwenda na ipi ilikuwa ya kurudi?

Bibi alikuwa Nduta, kilomita chache kutoka stendi niliyomkuta. Ilituchukua wiki tatu kuwakutanisha, na tulifaulu kwa sababu ya dada mmoja wa shirika la misaada aliyekubali kuvunja utaratibu. Sitasema ni nani, asije akafukuzwa kwa wema. Na hata kufika huko, bibi aligawana na mjukuu sahani iliyokuwa ikipungua. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Kigoma ulishuka hadi nusu. Sahani ikishuka namna hiyo, wa kwanza kutoka kambini kinyemela kwenda kutafuta kibarua ni kijana wa miaka 14, kwa sababu ndiye anayekula sana na anayekimbia haraka.

Upande wa ziwa kuna wa tatu. Kule Kongo, Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, watu wakakimbilia Burundi kupitia bonde la Rusizi, na wengine tangu 2023 wamekuwa wakivuka Tanganyika kwa maboti kuja Kigoma. Mama mwenye nauli ya mtu mmoja na watoto watatu anafanya nini ufukweni usiku? Anachagua. Anayepandishwa boti ndiye anayeitwa baadaye “mtoto asiye na mlezi”, kana kwamba mlezi alizembea.

Na mabinti wanaopitia hapa kwenda Kasulu, Kigoma mjini, hata Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, sina mengi ya kuwaambia, kwa sababu hao hawalali stendi. Wanaingia nyumba za watu na hawaonekani tena. Nyumba hizo nyingine ni za watumishi wa serikali, Waheshimiwa, tusidanganyane.

Isidhaniwe kwamba ni balaa la watu wa Kigoma na Burundi peke yao. Mwaka wa fedha wa 2014 Marekani ilihesabu watoto zaidi ya 68,000 waliokamatwa kwenye mpaka wake na Mexico bila mzazi, wengi wao kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador. Taifa lenye pesa zote zile lilijenga uzio na mabanda na mahakama, na miaka iliyofuata watoto waliendelea kuja, mwaka mwingine wengi kuliko huo. Walichokuwa wakikikimbia hakikuwapo mpakani, kwa hiyo mpaka haukuweza kukiondoa.

Tukisema haya tunaambiwa kwamba kutafuta ndugu wa kila mtoto ni kazi kubwa, hakuna fungu, hakuna watu. Hapo, kwa heshima, nakataa, maana niliona kwa macho yangu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana Ngara. Mwisho wa Aprili mwaka ule watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakajaza kambi ya Benaco. Katika nchi zote za Maziwa Makuu, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamepotezana na wazazi wao. Hakukuwa na simu ya mkononi hata moja. Watu wa Msalaba Mwekundu na UNICEF waliwapiga picha watoto wasiojua hata majina ya baba zao, picha zikabandikwa kwenye mbao makambini, wazazi wakipita mstari kwa mstari kama wanaotafuta matokeo ya mtihani. BBC ikaanzisha mwaka ule ule idhaa ya Kinyarwanda na Kirundi, ikaiita Gahuzamiryango, yaani inayounganisha familia, na kazi yake ya kwanza ikawa kusoma majina: fulani wa kilima fulani anamtafuta mama yake fulani. Jioni tulikuwa tunakaa kimya kuzunguka redio ya betri, hata sisi tusiotafuta mtu. Maelfu kwa maelfu walipatikana hivyo.

Leo kiongozi wa kilima Burundi, umukuru w'umutumba, ana simu mfukoni, na mwenye duka la jirani yake anayo. Mtoto analijua jina la kilima. Umbali kati ya kituo alichohojiwa na mlango wa baba zake wadogo ni simu moja ya dakika tatu. Hakuna aliyeipiga. Kwenye daftari la kituo iliandikwa: “Warundi 6, mmoja mdogo.” Jina lake halikuingia.

Basi naomba. Sitapanga namba, nimechoka kuona maombi yaliyopangwa namba yakipokelewa kwa namba za mafaili.

Mtoto asipandishwe gari lolote kuelekea kizuizini kabla hajasikilizwa na afisa ustawi wa jamii, kwa lugha yake. Msiseme wakalimani hakuna. Kigoma nzima ni wakalimani. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ambao nchi zetu zote mbili zimeuridhia, unamtaja hasa mtoto mkimbizi, aliyefuatana na mzazi na asiyefuatana naye, na unawadai mumtafutie ndugu. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haisemi kwamba ulinzi wake unaanza baada ya kuonyesha kitambulisho.

Wakati mtoto anatafutiwa ndugu, asilale mahabusu. Tunao utaratibu wa familia za kuaminika, unafanya kazi vizuri kwa watoto wetu wa mitaani. Ufunguliwe kwa watoto hawa pia, hata kwa siku kumi tu. Mimi na mke wangu tuna chumba, na tunajua nyumba nyingine nne zenye chumba.

Akirudishwa, arudishwe mkononi mwa mtu mwenye jina. Mtu mzima upande huu amkabidhi kwa mtu mzima upande ule, kila mmoja aandike, na baada ya mwezi mmoja simu ipigwe kuuliza kama mtoto yupo. Upande wa Burundi, Mheshimiwa, mkononi mwa wazee wa kilima kuwe na agizo kutoka kwenu la kusikiliza madai ya ardhi ya yatima, na ya binti yatima, kabla hata ile sheria ya mirathi inayosubiriwa miaka yote hii haijapita. Mtoto aliyepewa robo yake ya kishamba havuki. Na familia zilizorudi kutoka Nduta na Mtendeli ziulizwe, mara moja tu kwa mwaka, watoto wako wangapi na wako wapi.

Lililo kubwa kwangu ni malipo. Gari likifika shambani, swali la kwanza liulizwe kwa tajiri: unamdai au anakudai? Alipe pale pale, mbele ya mtendaji wa kijiji, ndipo mengine yafuate, na aliyeajiri mtoto wa miaka 12 afikishwe mahakamani kwa jina lake. Najua mtaniambia hiyo ni kuhalalisha kazi haramu. Hapana. Jasho limekwisha kumwagika, mahindi yamekwisha kuota. Kumnyima mtoto ujira hakuifuti kazi aliyoifanya. Kinachofutika ni hasara ya aliyemwajiri. Nawahakikishia, misimu miwili ya kulipishwa hadharani na simu zile za siri zitapungua, na hamu ya kuajiri watoto itapungua pamoja nazo, maana utamu wake wote ulikuwa kwenye kutolipa.

Na kwa kijana aliyefika miaka 16 au 17, anayejua anachokitafuta, kuna jambo ambalo wengi hawatapenda nilitamke. Mpeni kibali cha msimu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeanza kutumika Julai 2010, inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka kwa uhuru, na vibarua wa Kigoma wamekuwa wakiitekeleza tangu kabla ya wakubwa kuitia saini. Kijana mwenye karatasi ana jina, ana tarehe ya kuingia na ya kutoka, na tajiri anajua kwamba akimdhulumu kuna mahali atakwenda kushtaki. Wa miaka 13 asipewe kibali cha kazi, apewe njia ya kurudi darasani, huku au kule. Tofauti ya wawili hawa haiwezi kuonekana na mtu anayeandika “mmoja mdogo”.

Kuna nililobakiza.

Siku tatu baada ya yule mtoto kuondolewa, nilitoa vyombo kwenye kichanja cha jikoni nikakuta daftari. Lilikuwa limekauka. Kiroba alichukua, jembe alichukua, hilo lilisahaulika juu ya moshi. Nikalisoma, na kwa kuwa lilikuwa na jina la kijiji na la tajiri limeandikwa kwa herufi kubwa, nikapanda bodaboda nikaenda.

Tajiri alinipokea vizuri. Alipoona vijiti alicheka kidogo, akasema watoto hawa wanajua kuhesabu. Nikamwambia ndiyo, wanafundishwa. Tukakaa kivulini karibu saa nzima, tukazungumzia mvua, bei ya mbolea, wajukuu. Mwishoni akaingia ndani akatoka na shilingi 40,000, akaniambia nizichukue ili nisimchafulie jina. Nilizichukua. Nimeandika kwenye daftari, chini ya mistari ile miwili, kwa peni yangu nyekundu ya zamani: zimelipwa 40,000, bado 77,500.

Fedha ziko ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho. Nimeuliza ofisi tatu namna ya kumfikishia mwenyewe, na kila moja imenielekeza kwa nyingine. Ya tatu ilinielekeza kwenye ile ya kwanza. Jina la kilima ninalo, umri ninao, sura naikumbuka. Februari imekwisha kupita na mvua za huku zinaelekea ukingoni.

Naomba mnijulishe ofisi ya nne.

Wenu katika kujenga taifa,
Mwalimu mstaafu, Kibondo, Kigoma